Kiputo Kitupu: Jinsi Viziwi Walivyofika Kujichora Wenyewe

Miongoni mwa viziwi wa kale wanaotajwa kwa majina yao katika historia ya Ulaya yumo mtoto aliyefundishwa kuchora. Aliitwa Quintus Pedius. Habari zake tunazipata kwa Plinio Mkubwa, Mrumi aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvio ulipolipuka, ambaye katika kitabu chake kikubwa cha maumbile aliwatengea wachoraji nafasi yao. Babu yake mtoto huyu alikuwa konsuli na jamaa ya Julius Caesar. Mjukuu alizaliwa bila uwezo wa kusema, na Messala, msemaji mashuhuri wa enzi hizo, akashauri apewe elimu ya uchoraji. Kaisari Augusto mwenyewe akaridhia. Plinio anasema kijana aliendelea vizuri mno, kisha akafa angali mdogo. Hakuna mchoro wake uliobaki, na aliyoyaona yeye katika nyumba ile yenye watu wakubwa waliokuwa wakimjadili hayakuandikwa popote.

Ruhusa ile ilidumu. Miaka 1,500 baadaye, Hispania ilikuwa na Juan Fernández de Navarrete, aliyepoteza usikivu kwa maradhi akiwa mtoto mdogo. Inasimuliwa kwamba alipotaka kitu alikichora kwa mkaa. Alikua akawa mchoraji wa Mfalme Philip wa Pili, akapamba Escorial, monasteri ya mfalme huyo, kwa picha za watakatifu, na watu wakamwita El Mudo, yaani Bubu, jina lililobandikwa hata kwenye vitabu vya historia ya sanaa. Alifariki mwaka 1579. Alichora mitume na mashahidi wa dini kwa ustadi ambao wenzake wenye masikio waliuonea wivu. Hakuombwa kumchora mtoto mwenye mkaa mkononi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa kwa karne nyingi. Kiziwi aliweza kukubaliwa achore, mradi achore mambo ya wengine. Habari za ukiziwi wenyewe zilisimuliwa na daktari, padri na mwalimu, watu waliomtazama kiziwi kwa nje na kuhesabu asichonacho. Mchoro na simulizi ya nafsi vilipita njia mbili tofauti, na vilipokutana hatimaye, vilikutana mahali ambapo wasomi wengi wasingetazama: katika kitabu cha katuni cha watoto kuhusu binti sungura.

Simulizi ndiyo iliyotangulia, na aliyeianza alikuwa mwanamke. Teresa de Cartagena, mtawa wa ukoo mkubwa wa Burgos, Hispania, alikuwa kiziwi tangu ujanani, na katika karne ya 15 aliandika kitabu kuhusu hali hiyo. Nakala ya mkono iliyotufikia ilikamilishwa mwaka 1481. Aliueleza ukiziwi wake kama kisiwa alikotupwa, kisha akakipanda miti mpaka kikawa mahali pa kukaa. Wanaume waliokisoma walitilia shaka kama mwanamke angeweza kuandika namna ile, ikambidi aandike kitabu cha pili kutetea haki yake ya kuandika cha kwanza. Nikilifikiria hilo huwa nasikia uchungu hadi leo. Kalamu ilitumika kuthibitisha kwamba ni yake, wakati ingeweza kuendelea na habari.

Mtu ninayempenda zaidi katika historia hii ni Pierre Desloges. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1747, ndui ikamnyang'anya usikivu akiwa na miaka saba hivi, na maisha yake yote alikuwa fundi: akijalidi vitabu na kubandika karatasi kwenye samani huko Paris. Alifika miaka 27 ndipo akajifunza lugha ya alama, na hakufundishwa na msomi, bali na Mwitalia kiziwi asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 1779 padri mmoja, Deschamps, alipochapisha kitabu cha kudai kwamba viziwi wafundishwe kwa sauti na siyo kwa ishara, Desloges alichukua kalamu akamjibu kwa kitabu. Alichosema kilikuwa kipya kabisa kwa wasomaji wa Paris: kwamba viziwi wa mji ule, mafundi na vibarua, walikuwa tayari wana lugha yao, wakizungumza juu ya kila jambo la dunia hata kabla shule haijawagusa. Abbé de l'Épée, mwenye shule maarufu ya viziwi, alikuwa ndiye anayesifiwa kwa kuwapa viziwi ishara. Desloges alimheshimu de l'Épée, lakini akaweka wazi kwamba lugha ilikuwepo mitaani. Mtu aliyeshinda akishona migongo ya vitabu vya wengine alijua thamani ya kuwa na chake.

Kitabu cha Desloges hakikuwa cha picha. Upande wa picha, hatua kubwa ilipigwa na Francisco Goya. Mwishoni mwa mwaka 1792, akiwa na miaka 46, aliugua vibaya akiwa kusini mwa Hispania, na alipopona alikuwa hasikii kabisa. Miaka saba baadaye, mwaka 1799, alitoa Los Caprichos, picha 80 za kuchongwa, kila moja ikiwa na maneno machache chini yake. Watu wanafungua vinywa, wananong'onezana, wanalia, wanapiga domo, na chini kuna sentensi moja fupi, kali, isiyoeleza yote. Wengi wamezisoma picha hizo kama kejeli dhidi ya jamii ya Hispania, na ni kweli. Mimi naona pia mtu aliyelazimika kujifunza upya kutazama vinywa. Anayesikia haangalii mdomo wa mwenzake kwa namna ile, hana haja.

Uingereza ilikuwa na mtoto wake. John Kitto wa Plymouth, mwana wa fundi mwashi mlevi, alianguka kutoka juu ya paa mwaka 1817 akiwa na miaka 12 tu, akiwa amebeba vigae vya kuezekea. Alipozinduka hakusikia tena. Kabla ya kupelekwa kwenye nyumba ya maskini alijipatia senti kwa kupaka picha na vibandiko vya madirishani na kuviuza kwa watoto wenzake na majirani. Akaja kuwa mwanazuoni wa Biblia, akasafiri hadi Baghdad, na mwaka 1845 akachapisha simulizi ya ukiziwi wake ambamo anaeleza jinsi kishindo cha kiti kinachoburutwa kilivyomfikia kupitia miguu, na jinsi sauti yake mwenyewe ilivyogeuka kuwa kitu alichokiogopa. Picha zile za utotoni alizitaja tu kama njia ya kupata riziki. Alikuwa na mkono wa kuchora na alikuwa na habari ya kusimulia, na bado havikukutana. Hakukuwa na umbo la kuviweka pamoja.

Kuna karatasi nyingine za wakati huo ambazo zilikaribia umbo hilo bila kukusudia. Kuanzia mwaka 1818 Beethoven alitembea na vijitabu, na wageni wake waliandika humo walichotaka kumwambia. Yeye alijibu kwa mdomo. Kwa hiyo leo tunaposoma vijitabu hivyo tunakuta maswali bila majibu. Wenye kusikia wameandikwa, kiziwi hayumo. Ukitaka kujua alisema nini, inabidi ukisie kutokana na swali linalofuata, kama ambavyo yeye alikisia mchana kutwa kutokana na nyuso.

Kisha likaja pigo. Septemba 1880, walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia. Wajumbe walikuwa 164, na kiziwi alikuwa mmoja tu. Walipiga kura kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na ishara ziachwe. Walimu viziwi walipoteza kazi katika nchi baada ya nchi, na watoto walichapwa mikono au kufungwa mikono kwa sababu ya kuzungumza kwa lugha waliyoielewa. Ilifika mwaka 2010, mjini Vancouver, ndipo mkutano wa walimu wa aina ileile ulipotamka majuto. Miaka 130! Vizazi vinne au vitano vya watoto viliambiwa kwamba njia ya kuwa mtu ni kujifanya unasikia.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya giza, mahali pengine kabisa, magazeti ya New York yalikuwa yanatengeneza chombo ambacho viziwi wangekuja kukihitaji. Mwaka 1896 Richard Outcault alikuwa akimchora mtoto wa mitaani aliyevaa kanzu ya njano, na maneno ya mtoto yalikuwa yakiandikwa juu ya kanzu. Mwezi Oktoba alichora mfululizo wa picha ambapo mtoto anazungumza na santuri mpya, na safari hii maneno yalitoka vinywani yakiwa ndani ya vipande vyeupe vyenye mkia, ambavyo sisi tuliokua tukisoma Juha Kalulu katika Taifa Leo au visa vya jarida la Sani tunavijua vizuri: vile viputo. Wanahistoria wa katuni huitaja picha ile kama moja ya vyanzo vya hadithi ya picha ya kisasa. Mashine ya kutunza sauti na kiputo cha kuandika sauti viliingia kwenye ukurasa mmoja, siku moja.

Katuni haina sauti. Kila anayeisoma, awe na masikio makali au hana kabisa, anapata sauti kwa macho. Mlango ukipigwa, neno kubwa limechorwa. Mtu akinong'ona, herufi zinakuwa ndogo. Mbele ya ukurasa huo kiziwi na asiye kiziwi wamekaa benchi moja. Filamu bubu ziliwapa usawa huohuo kwa muda, maana wote walisoma maandishi yaleyale kwenye turubai, mpaka mwaka 1927 filamu za sauti zilipoingia na kuwafungia viziwi nje. Albert Ballin, mchoraji kiziwi wa Marekani aliyekwenda Hollywood akiamini kwamba filamu ingeieneza lugha ya alama duniani, alichapisha kitabu chake cha hasira mwaka 1930, akishambulia shule zilizowanyima watoto ishara. Huyu alikuwa mchoraji na alikuwa anasimulia. Hata hivyo alisimulia kwa maneno matupu.

Mwaka 1972 una uzito wa pekee hapa. Mwaka huo Justin Green wa Marekani alitoa kijitabu cha katuni kuhusu maradhi ya akili ya ujana wake, na wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa tawasifu ya michoro. Mwaka huohuo Betty G. Miller, msanii kiziwi aliyezaliwa na wazazi viziwi, alichora kwa wino mikono miwili iliyofungwa pingu, vidole vimekatwa vipande. Aliipa jina linalosema kwamba lugha ya alama ya Marekani imepigwa marufuku. Ni picha moja tu, haina kiputo, na imebeba mkutano wa Milano wote. Wasanii wenzake viziwi walimfuata, na mwaka 1989 walikutana Washington wakatangaza kwamba sanaa inayotokana na maisha ya kiziwi ni tawi la sanaa lenye haki yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Art Spiegelman aliwachora Wayahudi kama panya katika kisa cha baba yake aliyepona mauaji ya Wanazi, akapata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Marjane Satrapi alisimulia utoto wake Iran. Raina Telgemeier alisimulia meno yake yaliyoumia katika kitabu cha katuni, mwaka 2010, kwa wasomaji wa shule ya msingi, na mmoja wa waliokisoma kitabu hicho wakaona kwamba jambo hili linawezekana alikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto wa Virginia aitwaye Cece Bell.

Bell alizaliwa mwaka 1970. Akiwa na miaka minne alipata homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila usikivu mwingi ulikwenda. Alivishwa shimesikio, kifaa cha kukuza sauti, na alipoanza shule ya kawaida alipewa kingine kikubwa zaidi kiitwacho Phonic Ear: kisanduku kinachofungwa kifuani kwa mikanda chini ya nguo, nyaya zinapanda hadi masikioni, na mwalimu anavaa maikrofoni shingoni inayorusha sauti kwa mawimbi ya redio. Ilikuwa miaka ya 1970, Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imepitisha sheria ya mwaka 1975 ya kuwapa watoto wenye ulemavu elimu ya umma, na mitambo kama hiyo ilikuwa inaingia madarasani. Mtoto aliona aibu kwa kile kifurushi. Kisha akagundua siri yake. Mwalimu alipotoka darasani akasahau kuzima maikrofoni, Cece aliendelea kumsikia: kwenye chumba cha walimu, kwenye korido, hata chooni. Hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na uwezo huo. Kichwani mwake akajitungia shujaa mwenye joho, na shujaa huyo ndiye aliyempa kitabu jina: El Deafo. Kilitoka mwaka 2014, rangi zikiwa za David Lasky, na mwaka 2015 kikawa kitabu cha kwanza cha katuni kupewa heshima ya Newbery, ya vitabu vya watoto Marekani, kisha kikapata tuzo ya katuni ya Eisner.

Wahusika wote ni sungura. Bell amelieleza hilo: sungura ni mnyama wa masikio, na yeye alijiona kama sungura pekee kijijini ambaye masikio yake hayafanyi kazi. Kwa hiyo nyaya hazijifichi. Zinapanda kutoka kifuani hadi juu ya kichwa, ndefu, zikionekana ukurasa baada ya ukurasa. Alichokificha mtoto chini ya nguo, mchoraji mtu mzima amekinyoosha juu kama mlingoti.

Lakini ujasiri mkubwa uko kwenye viputo. Mtoto anapotoka kwenye ugonjwa, mama yake anafungua mdomo, mkia wa kiputo unamwelekea, na ndani ya kiputo hakuna kitu. Cheupe. Msomaji anageuza jicho kutafuta maneno kisha anaelewa, na anaelewa kwa mwili wake: kuna mtu anamwambia jambo na halimfikii. Betri zinapokwisha, herufi zinafifia, kijivu, kijivu zaidi, mpaka zinatoweka katikati ya mazungumzo. Rafiki mmoja anadhani atamsaidia kwa kusema polepole na kwa nguvu, na maneno yake yanavimba mpaka hayasomeki kama maneno ya binadamu. Usiku watoto wamelala nyumba moja, wanazima taa ili wapige soga, na mara moja Cece amepotea, kwa sababu midomo haisomeki gizani. Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Ni taa tu. Madaktari walioandika juu ya viziwi kwa karne nyingi hawakuwa wakiandika habari ya taa.

Hapa ndipo Pedius, Navarrete na Kitto walipokuwa wanaelekea bila kujua. Simulizi ya maneno matupu ingeweza kusema kwamba sikusikia. Picha tupu ingeweza kuonyesha uso ulioduwaa. Kiputo kinaweza kuonyesha kusikia kwenyewe, kiasi gani kimefika, kimeharibika vipi, kimekatikia wapi. Mwenye kujua hilo barabara ni yule ambaye maisha yake yote amekuwa akipima kiasi hicho.

Kitabu hiki kina upande unaowauma baadhi ya wasomaji, nami sitaki kuupita. Cece mtoto anakataa lugha ya alama. Mama yake anampeleka darasani kuijifunza naye hataki kabisa, kwa kuwa inamfanya atazamwe. Kwa waliolelewa katika lugha hiyo, na wanaojua gharama ya Milano, kurasa hizo ni ngumu kumeza. Katika maneno yake ya mwisho Bell anakiri kwamba kuna njia nyingi za kuwa kiziwi na kwamba yeye anasimulia moja tu. Naona alifanya sawa kutomsafisha mtoto yule. Aibu ya mtoto ilikuwepo, na angeificha angekuwa anarudi kuandika kwa ajili ya watu wazima wanaomjadili. Mwaka 2022 kisa hicho kilitengenezwa filamu fupi za katuni za vipindi vitatu kwa televisheni, na mtazamaji anasikia kadiri mtoto anavyosikia: sauti inazama, inanguruma, inakatika.

Ugonjwa uliomfanya Bell kuwa kiziwi ndio uleule uliompata Andrew Foster wa Alabama akiwa na miaka 11. Mwaka 1954 Foster akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington, na kuanzia Accra mwaka 1957 akazunguka Afrika akifungua shule zaidi ya 30 za viziwi. Alifariki Desemba 1987 kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, akiwa safarini kwenda Kenya. Upande wetu shule ya viziwi ya Tabora, Tanzania, ilianza mwaka 1963. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama, na ile ya Kenya ya 2010 ikaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Wasomaji tunao, wachoraji tunao, na watoto waliotoka wodini baada ya uti wa mgongo au masikio yaliyotoa usaha miaka na miaka tunao.

Nakisubiri kitabu cha mmoja wao kwa Kiswahili, na mara nyingi nimewaza atakavyokabiliana na viputo vyake. Mtindo wa Bell hautamtosha. Midomo ya Kiswahili ina mitego yake: p, b na m hufungwa namna moja, kwa hiyo kwa anayesoma midomo, "mama", "baba" na "papa" ni neno lilelile. "Pata", "bata" na "mata" vilevile. Mtoto amesimama mlangoni, shangazi amemuuliza kitu kwa haraka, na alichokiona ni midomo iliyogusana mara mbili. Mchoraji itabidi aamue: aandike maneno yote matatu ndani ya kiputo, moja juu ya jingine, mpaka yasisomeke, au aandike lile ambalo mtoto amelichagua, na kisanduku cha picha kinachofuata kituonyeshe amekwenda kumwita nani.